Walidhani Ni ya Serikalini

Ndani ya treni, mbele yangu, mshonaji aliyefiwa na mume alimweleza jirani yake wa kiti, karani wa mahakama, kwamba ukoo wa mumewe ulikuwa ukikutana mchana huo ili kumtoa katika nyumba aliyoachiwa na marehemu. “Lakini mama, katiba inakulinda,” karani alisema. “Kwani shemeji zako hawakuipigia kura?” “Wote, mwanangu, tena kwa vifijo! Walidhani ni ya serikalini, haitavuka kizingiti chao.” “Basi washtaki. Utashinda.” “Nikishinda, nitazikwa na nani? Na hakimu?”

Ibara ya katiba inayowalinda wajane tuliisoma neno kwa neno katika darasa letu la watu wazima, nami sikumbuki kuliona humo swali hilo. Treni iliposimama, mama yule alishuka kwenda kikaoni.