Ludovic Harcombe, Bwana Mdogo Aliyekubali Kutolewa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Kijiji chetu cha Hallowcombe kimempoteza Lord Ludovic Harcombe. Wazee wa hapa walimwita Bwana Mdogo hata mvi zilipomjaa kichwani, nasi leo tumwite hivyo hivyo.

Alizaliwa kwenye jumba kubwa, enzi za Malkia Victoria. Alicheza kriketi, tena bila malipo. Mtoto wa bwana mkubwa kupokea hata shilingi kwa mchezo ilikuwa aibu. "Akipiga mpira," asema dada yake, Bibi Augusta, "kunguru wa kanisani wanaruka wote."

Siku moja walicheza na kijiji jirani, Stoke Wennet. Mwamuzi wetu alikuwa Enoch Brimble, mlinzi wa msitu wa baba yake Bwana Mdogo. Enoch aliishi katika nyumba aliyopewa na huyo bwana mkubwa na kula mkate wa bwana mkubwa. Basi mpira ukaugusa ubao wa kupigia wa Bwana Mdogo, ukadakwa kabla ya kugusa chini, na kwa sheria ya kriketi mpigaji hapo ametoka. Kila mtu alisikia.

"Vipi, mwamuzi?" wageni wakapiga kelele.

Enoch akatazama viatu vyake. "Hajatoka."

Lakini Bwana Mdogo alijua ametoka. Akaondoka mwenyewe, kifua mbele, watu wakimpigia makofi. Nyuma yake wageni wakamgeukia Enoch: "Mzee, masikio umeyasahau jikoni kwa bwana wako?"

Hapo, wasikilizaji, ndipo Bwana Mdogo alipokosea. Alijisafisha yeye, akamwachia Enoch matope. Enoch akavua koti jeupe la mwamuzi, akaapa hatalivaa tena.

Kesho yake Bwana Mdogo akaenda nyumbani kwa Enoch, pamoja na dada yake. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mzee Brimble, nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini, bwana? Wewe ndiye muungwana. Mimi ndiye mwongo."

"Rudi uwanjani. Ukininyooshea kidole, natoka. Usiponyoosha, nabaki. Neno ni lako."

"Na baba yako akinifukuza humu?"

"Atatufukuza wote wawili."

Mke wa Enoch akacheka huko ndani. "Utalala wapi, Bwana Mdogo? Banda la kuku limejaa!"

Mwaka uliofuata Stoke Wennet wakarudi. Enoch alikuwa ndani ya koti jeupe. Mpira wa kwanza kabisa ukamgonga Bwana Mdogo mguuni, mbele ya vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji; na mguu ukiuzuia mpira usivigonge, mwamuzi anaweza kumtoa. Wageni wakapiga kelele kudai ametoka. Bwana mkubwa alikuwa kitini pake, ameegemea fimbo. Enoch akamtazama yule mzee. Kisha kidole kikapanda juu.

Bwana Mdogo akabana ubao kwapani, akatoka bila kupata hata mbio moja, yaani pointi moja.

"Mtu wangu mwenyewe amekutoa!" baba yake akanguruma.

"Ndiyo, baba. Ukimfukuza, nifungashie na mimi."

Mzee akamkazia macho. Akatema mate pembeni. "Kaa chini, unaniziba nisione mchezo."

Tulishindwa siku ile. Enoch akabaki na nyumba yake, na koti jeupe akalivaa mpaka uzee.

"Kaka yangu alipata mbio maelfu," asema Bibi Augusta, "lakini mezani alijivunia siku hiyo tu."

Pole sana, Bibi Augusta. Poleni wana Harcombe wote. Jumanne, siku ya mazishi, wajukuu wa Enoch ndio walioomba kubeba jeneza, na walilibeba.

Nawe msikilizaji, kama yupo anayekula mkate wako, jiulize usiku huu: anaweza kukunyooshea kidole?