Ng'ombe wa Sinyati Atangulie, Ndipo Mnizike

Zimeni simu zenu mkae chini, wanangu, maana pumzi niliyobaki nayo nimekwisha kuipima na haitoshi kusema jambo mara mbili. Joel, wewe mkubwa wao, toka hapo mlangoni. Umesimama kama mtu anayesubiri gari. Nathanaeli, umekuja kutoka Dar es Salaam na koti la mahakamani utadhani nina kesi. Livue, humu hamna hakimu. Elieshi, binti yangu, nisogezee mto. Hivyo. Ninayoyasema sasa ndiyo wosia wangu, mimi Sifael, nikiwa na akili zangu timamu, na nimechagua kuyasema asubuhi ya Jumamosi kwa makusudi.

Nianze na mali, kwa kuwa ndilo neno pekee mnalolisikiliza bila kusinzia. Kihamba, shamba letu hili la ukoo, kimekwisha kugawanywa na masale yamepandwa mipakani mbele ya wazee wa ukoo. Atakayeng'oa sale hata moja asiseme mimi nilikuwa baba yake. Joel, upande wa juu wenye kahawa ni wako, ingawa hiyo kahawa hujaipogoa tangu ununue gari. Nathanaeli, upande wa barabarani ni wako, na najua utaujaza fremu za maduka kabla udongo wa kaburi langu haujakauka. Elieshi anachukua nyumba hii, zizi, na shamba la majani ya mabingobingo, na asinyanyuke mtu kuniuliza tangu lini binti akarithi zizi. Katika ninyi watatu ni yeye peke yake anayenawa mikono kabla ya kukamua.

Sasa tuje kwa aliyemo zizini. Yumo ng'ombe mmoja, Malkia, anayekamuliwa na tena ana mimba. Joel, nimeyaona macho yako yalivyokimbilia huko. Yarudishe. Ng'ombe huyo si wako, si wa Elieshi, na tangu siku ya kipaimara cha mwanao Mikaeli si wangu pia.

Nitalieleza jambo hili kama ninavyowaeleza wageni, kwa kuwa mmejifanya wageni. Nilipostaafu, na shahada yangu ya Morogoro, baada ya kuandika maisha yangu yote ripoti za mifugo ambazo hazikumnywesha mtoto hata kikombe kimoja, nilikuta mabwana wa mradi fulani wakiwafundisha wajane wa Moshono na Lemara kutengeneza sabuni ya maji. Wote sabuni ya maji! Siku tatu ukumbini, chai na maandazi, fulana yenye maandishi mgongoni, cheti, picha ya pamoja, kwaheri. Mtaa mzima ukawa unauza sabuni, asibaki wa kuinunua, nao mabwana wakaenda kuandika kwamba familia zimewezeshwa. Niliwadharau siku ile na ninawadharau leo, lakini walau wao hawakuichukua sabuni ya mjane wakaenda kuogea.

Sisi, katika chama chetu cha wafugaji, tulikopeshana mitamba. Anayetaka mkopo anafundishwa kwanza: ajenge banda lenye sakafu ya mteremko, apande majani, ajue kukamua, amtambue ng'ombe anayetaka dume, akione kiwele kinachoanza kuugua. Ndipo anakabidhiwa mtamba aliye tayari kupandishwa, na deni analilipa kwa ndama jike wa kwanza, anayemlea mpaka afikie kupandishwa, kisha anamkabidhi kwa familia inayofuata, ambayo nayo imekwisha kufundishwa na kujenga. Hakuna hati ya nyumba inayowekwa rehani. Dhamana ni aibu tu, na kumbe ndani ya nyumba yangu dhamana hiyo haina thamani. Mimi mwenyewe, pamoja na uenyekiti wangu, nilipanga foleni kama wengine nikampata Malkia, na jike lake la kwanza lilikuwa la Sinyati.

Sinyati wa Moshono mnamjua: mjane, watoto wanne. Alikopa kwenye kikundi cha akina mama pesa ya saruji na mabati, akajenga banda, akapanda mabingobingo kando ya mfereji, akasubiri. Majirani wakawa wanampigia kelele juu ya ua: "Sinyati, leo hewa imetoa lita ngapi?" Naye anawajibu, "Lete chupa yako shoga, nikujazie." Mkopo wa lile banda tupu anaulipa mpaka leo kwa kufua nguo za watu, na siku atakaposhindwa, wenzake watapanda juu kung'oa mabati.

Ndipo ikaja sherehe yenu ya kipaimara. Joel, ulialika usharika mzima na nusu ya Arusha. Ungeweza kununua nyama buchani, kama wafanyavyo watu wenye haya. Lakini watu wa mlima huu tuna ugonjwa wetu: mnyama wa sherehe sharti atoke zizini kwako, ili mgeni aambiwe, "Karibu, huyu ni wa nyumbani." Dume tulikuwa tumeliuza. Kwa hiyo ukamchinja mtamba wa Sinyati, mimi nikiwa nimelazwa kwa presha, na nilipotolewa hospitali mchana wa sherehe ukaniletea ini kwenye sahani, ukanikatia vipande vidogo kwa ajili ya meno yangu, ukasema, "Kula baba, uongeze damu."

Na Sinyati alikuwepo. Mlimwita kwa kibarua cha kuosha masufuria. Mkamketisha nyuma ya jiko, mkampa sahani yake, akamla mtamba wake mwenyewe, akasema ahsanteni sana. Kesho yake akaja na kamba ya katani aliyoisuka kwa mkono wake, akaniamkia, "Shikamoo mzee. Nimekuja kumchukua binti yetu." Nikamtuma Elieshi zizini. Elieshi akarudi analia.

Tangu siku hiyo nimelala hapa nikipiga hesabu, kazi pekee ambayo mwili haujaninyang'anya. Chukua maziwa ambayo mnyama yule angeyatoa maisha yake yote, uyagawanye kwa wageni wenu: kila sahani ilikuwa maziwa ya mwezi mzima ya nyumba ya Sinyati. Wakala, wakachokonoa meno, wakasifu pilau. Na nyuma ya Sinyati kuna nyumba nyingine iliyokuwa ikimsubiri yeye, na nyuma yake nyingine. Hizo sikumaliza kuzihesabu.

Nilipokuuliza, Joel, ulinijibu nini? "Baba, ni mtamba tu. Malkia akizaa tutampa mwingine. Yule mama mwenyewe wala hana haraka." Hana haraka! Mtu aliyezoea kusubiri mnamwona kama mti. Na wewe Nathanaeli ukapiga simu: "Mzee, kisheria makubaliano ya mdomo ni magumu kuthibitisha." Nilipalilia kahawa ile miaka yote ya ada yako ili uje unifundishe jinsi ya kumnyima mjane bila kushtakiwa. Masomo yamekukaa.

Najua mnachokitegemea. Mnategemea siku ya maziko. Msemaji wa familia atashika kipaza sauti kando ya kaburi atangaze, "Anayemdai marehemu ajitokeze." Watu watatazama viatu vyao. Sinyati atakuwa amesimama kule nyuma na khanga yake, na kati yake na kipaza sauti kuna maturubai, mchungaji, na magari yenu yameegeshwa mpaka kwenye migomba. Atathubutu? Hatathubutu. Msemaji atasema, "Basi, hakuna deni," nanyi mtaitikia amina, na ukimya wa maskini utakuwa risiti yenu. Ni ustaarabu mzuri sana huo. Kwangu msiufanye. Atakayeuliza swali hilo juu ya jeneza langu, Elieshi, mpokonye kipaza sauti.

Joel, simama. Utamfungua Malkia sasa hivi, nikiwa nasikia. Si ndama ajaye. Ndama ajaye mtamchinja kwenye ubatizo. Ni yeye mwenyewe, na aliye tumboni ndiye faini yako. Hutampakia kwenye gari. Utamkokota kwa miguu mpaka Moshono, kupitia Tengeru leo siku ya soko, na shati lako hilo la mzee wa kanisa, na atakayekuuliza umjibu kwa sauti: "Ninampelekea Sinyati ng'ombe wake." Usithubutu kusema unampa. Nathanaeli utakata majani na kuyabeba kichwani nyuma yao, ujue mkataba wa mdomo una uzito gani. Elieshi, darasa la wafugaji la Alhamisi pale barazani pa kanisa ni lako kuanzia sasa, na anayefuata baada ya Sinyati unamfahamu.

Msinizike kabla ng'ombe hajafika. Nikikata roho wakiwa njiani, nifungieni mlango; mchana mmoja sitaharibika.

Ngoja… nipumue.

Elieshi, hicho kikombe ni cha nini? Maziwa ya kuwabarikia… kama baba yangu alivyotubariki sisi. Ni ya asubuhi hii? Ya Malkia? Hayo si yetu, mama. Yatie kwenye chupa, yaende naye. Mimi niletee maji.

Sogeeni. Elieshi… Mungu akupe mikono isiyochoka, na watu wa kuwafundisha. Nathanaeli… akupe aibu. Ni baraka kubwa kuliko unavyodhani. Mikaeli… mwambieni babu hana kinyongo naye, alikuwa mtoto, alikula alichopewa.

Joel… wewe bado. Ya kwako ukirudi. Mikono ikiwa mitupu. Nitajitahidi… nikusubiri.

Nenda basi. Namsikia… anatoka.

Usimkimbize, mwanangu. Ana mimba… Nenda naye polepole.