Baba, Ikala: Maisha ya Stanislas Kabwe, Mtembea Reli

Ndugu, jamaa, majirani wa mtaa wetu wa Kenya, na ninyi wazee wa reli mliokuja na kofia mikononi: leo Alhamisi, tarehe 11 Julai 1957, tunamzika baba yetu Stanislas Kabwe. Karatasi hii imeandikwa, na inasomwa, na mwana wake wa kwanza, Donat, karani. Karatasi ya mazishi haipendi mtu aseme "mimi", kwa hiyo humu ndani Donat ataitwa Donat, kana kwamba ni mtu mwingine. Pengine hivyo atapata nguvu ya kusema kweli.

Marehemu alizaliwa kando ya Lualaba, karibu na Ankoro, kaskazini ya Katanga, mwaka wa 1888 hivi. Kitabu chake cha kazi kinasema 1893, kwa sababu siku ya kuandikishwa munganga, daktari wa kampani ya reli, alimfungua kinywa, akahesabu meno, akayakuta yote, akampunguzia miaka mitano. Baba alikipenda sana kitabu hicho. Akiulizwa umri alijibu kwamba wa kweli anaujua mama yake, wa kampani uko sandukuni, na mtu achague anaoutaka.

Shule hakuingia. Alisoma katekisimu kwenye misheni ya kwao miaka miwili, akabatizwa tarehe 15 Agosti 1919. Namba alijifunza kwenye mawe ya kilometa yaliyosimama kando ya reli. Kuandika alifundishwa na Donat mwenyewe, alipokuwa darasa la tatu, baba na mwana wakigombea kalamu moja mezani. Donat alikuwa mwalimu mkali, na baba alivumilia.

Alifika Élisabethville mwezi wa Machi 1921, akaajiriwa na kampani ya reli. Kazi yake ilikuwa kutembea. Kila asubuhi, mvua inyeshe au baridi ya Juni iume, alitoka na nyundo ya mpini mrefu, kilometa tisa kwenda na tisa kurudi, akigonga vyuma vya njia na kusikiliza. Chuma kizima, alisema, kinaimba, kilicholegea kinakohoa. Alifanya hivyo miaka ishirini na minane. Wenzake walimwita Kilometa. Hata Jumapili, tukienda misa, familia nzima ilimfuata mbio, na Mama akimwambia kwamba kanisa halina magurudumu, halitatuacha.

Huyo Mama ni Régine Musonda, binti wa wakulima wa hapa hapa, ambao shamba lao, upande wa Kasapa, lilipakana na reli. Baba mkwe alisimulia hadi kufa kwake jinsi alivyoshangaa kwamba kampani imetuma mtu agonge skurubu moja wiki nzima mbele ya mihogo yake. Walifunga ndoa tarehe 6 Mei 1922. Mungu aliwapa Donat, Alphonse na Germaine.

Mwaka wa 1949 baba alipewa mapumziko. Hapo ndipo Donat anapoingia katika maisha haya, na angetamani asingeingia hivyo. Alikuwa karani tayari, mwenye tai na saa ya mkononi, mmoja wa hao waliosoma wanaoitwa ba évolué, yaani waliostaarabika, na alitaka mtaa mzima ujue kwamba baba yake amepumzika kweli. Katika mtaa wetu, mzee akionekana na ndoo, watu huuliza watoto wake wamekwenda wapi. Basi akaenda kwa fundi Mukuka, akaagiza viti viwili vya mulombwa, mbao ngumu nyekundu, vyenye mgongo mrefu, mikono mipana na mito. Akaviweka barazani. Akamshika baba mabega, akamwambia, "Baba, ikala."

Ninyi mnalijua neno hili letu. Ni kukaa kitini, na ni kuishi, kubaki na watu. Mwana anamwambia baba yake ikala kwa heshima, wala hakuna neno tamu kuliko hilo. Baba akaikala. Akishika ufagio, ikala. Akinyanyuka kwenda kuangalia ua, ikala, Baba, tutaenda sisi. Maji yalimfuata, tumbaku ilimfuata, chakula kilimfuata. Majirani walikuja kukiona kiti, na Donat alisimama nyuma yake akijisikia mtu. Mama peke yake hakukubali. Kiti cha pili alikianikia mihogo, akachukua jembe lake na kwenda shambani kwa miguu, kama anavyofanya mpaka leo.

Siku moja baba alichukua kijiko, akagonga mkono wa kiti, akatega sikio. "Donat," akasema, "kiti yako iko nakohoa." Tulicheka sana. Donat alileta bisibisi, akakaza skurubu, akarudi ofisini.

Ilipofika mwaka wa 1953 baba alikuwa akinyanyuka kwa mikono miwili, akisukuma kiti na kuguna. Mwaka uliofuata aliacha kwenda misa, yeye Kilometa, kwa sababu barabara imekuwa ndefu. Donat alisema ni uzee. Alilisema kwa uhakika, kama mtu aliyesoma. Germaine, aliyekuwa bado nyumbani, hakuridhika. Akampeleka baba kwa munganga Adalbert wa dispensari, naye akamwangalia magoti, mgongo na moyo, akamwambia asimame bila kushika kitu. Baba alishindwa.

"Huyu muzee hana ugonjwa," munganga alisema. "Iko na kiti."

Akaeleza kwamba miguu isiyopewa kazi inasahau kazi, na ya mzee inasahau upesi zaidi. Asikae saa nzima bila kusimama. Asubuhi na jioni anyanyuke kitini mara kumi, kwanza kwa mikono, halafu bila mikono. Kisha atembee, leo mpaka mlangoni, kesho mpaka barabarani, na akiweza abebe kitu. Germaine alirudi amefurahi, akamwandikia Donat, ambaye wakati huo kazi ilikuwa imempeleka Kamina. Donat alisoma barua, akaona ni maneno ya dispensari, akaiweka mfukoni.

Germaine alimfanyisha baba mazoezi tangu Januari 1955. Alihesabu kwa sauti, na baba alimdanganya hesabu, na walibishana mpaka Mama akawa mwamuzi. Pasaka baba alinyanyuka mara tano bila mikono. Pentekoste alifika robine, bomba la maji la mtaa, peke yake, akarudi na ndoo nusu, akaiweka mbele ya Mama kama bwana harusi. Wale waliomwona miezi ile wanasema alikuwa ameanza tena kugonga vitu na kusikiliza.

Jumapili moja ya Juni Donat alirudi kutoka Kamina, akaja nyumbani na wageni wawili wa ofisini, watu wa tai. Walipokunja kona walimkuta mzee na ndoo, shati limelowa, anavuka barabara taratibu. Mgeni mmoja aliuliza kama yule mzee ni mtu wa kazi wa hapa nyumbani. Donat anaiona ile kona kila siku ya maisha yake. Alikwenda mbio, akamnyang'anya baba ndoo, maji yakamwagika, akamshika mkono mpaka barazani, akasema mbele ya watu wote, "Baba, ikala." Baba alimtazama. Akaikala.

Jikoni, wageni wakisikia, Donat alimgombeza Germaine, akamuuliza kwa nini anamgeuza baba boyi. Germaine hakupandisha sauti. "Yaya," alisema, maana kwetu ndivyo aitwavyo kaka mkubwa, "alikuwa iko nafurahi." Mazoezi yalikwisha siku ile. Mwaka uliofuata Germaine aliolewa, akaenda Jadotville, na hakukuwa tena na mtu wa kuhesabu.

Yaliyobaki ni mafupi. Jumatatu tarehe 17 Juni mwaka huu, Mama akiwa shambani, baba alinyanyuka peke yake. Kutoka kitini hadi mlangoni ni hatua nne. Alianguka katika ya tatu, akavunjika nyonga. Hospitalini walimfanyia waliyoweza, lakini kifua kilijaa, na nguvu za kupigana nacho hazikuwepo. Munganga hakumlaumu mtu. Donat angeona nafuu kama angelaumiwa.

Jumanne tarehe 9 Julai, saa nne asubuhi, Donat alimshika mkono. Alitafuta la kusema, na katika maneno yote aliyoyasoma shuleni hakupata jingine. "Baba," alisema, "ikala na sisi."

Baba alifungua macho. "Miaka munane ulisema ikala, nikaikala," akajibu, bila hasira hata kidogo. "Sasa uniache nitembee, mutoto wangu."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho; alituaga siku ile ile. Alikuwa na miaka sitini na tisa, au sitini na minne kwa hesabu ya kampani.

Ameacha mjane, Mama Régine Musonda; watoto watatu, Donat, Alphonse na Germaine; wajukuu saba; na njia ya reli isiyokohoa. Donat anaomba msamaha kwa Germaine mbele yenu, kwa sababu alimgombeza mbele ya watu pia.

Na jambo moja la mwisho, ambalo halimo katika karatasi. Majirani kwa wema wao wamekibeba kile kiti cha mulombwa mpaka hapa kaburini, ili Mama apumzike. Mama amefuata jeneza kwa miguu kutoka kanisani, na amesimama tangu tulipofika. Atatupa udongo kwa mkono wake, kisha atarudi nyumbani kwa miguu yake, na Donat atatembea pamoja naye. Tafadhalini, ndugu, asiwepo hata mmoja wa kumwambia ikala.

Bwana ampe baba yetu amani. Kiti asimpe.