Fukusi Niliowamwaga Ghalani

Ndugu zangu, mkono huu mnaouona kwenye plasta haukuvunjika kwa mpira, ingawa nimewaambia hivyo wasichana wa kwaya. Leo nasema ukweli, na walio karibu na mama yangu wamshike.

Mwalimu wa bayolojia alitutuma tutafute fukusi, wale wadudu wanaotoboa mazao: wa mgomba, wa viazi, wa mahindi. Nikachimba viazi vitamu vilivyooza shambani kwa nyanya yangu, nikajaza chupa. Weusi, wembamba kama siafu, pua ndefu kama ya mzee fulani humu kanisani ambaye simtaji. Nikaona ni utani mzuri kuwamwaga ndani ya ghala la baba mdogo, anayejisifu kwamba hakuna mahindi safi kama yake kutoka Amagoro hadi Malaba.

Baada ya wiki mbili akafungua ghala. Mahindi yametobolewa, vumbi jeupe, fukusi wanatembea. Hakuuliza. Alimkamata kibarua wake, mtu aliyevuka kutoka Uganda mwezi ule tu, akasema ameyaroga. Majirani wakaja na marungu. Wakamfunga kwenye nguzo kwa kamba ya ng'ombe. Rungu la kwanza likamtoa meno mawili. Nawaambia, nilicheka, nilidhani wanamtisha. La pili likampasua kichwa, damu ikamjaa machoni. Nikaacha kucheka. Wakaendelea. Baba mdogo aliposhika panga, nikajikuta mbele yake.

"Baba, ni mimi. Nilimwaga fukusi humo."

"Rudia."

Nikarudia. Rungu likanigeukia, mfupa ukalia kama muwa.

Kesho yake mwalimu akaja, akamwaga mahindi kwenye ungo. Fukusi wa mahindi, akatuonyesha, ni wa kahawia, ana madoa manne mekundu mgongoni. Ni ukoo mmoja na wale wangu, lakini kila mmoja na chakula chake. Wangu walikuwa chini kabisa, wamekufa njaa. Fukusi walioharibu ghala walikuja ndani ya mahindi kutoka shambani, na baba mdogo akayaweka kabla hayajakauka.

Basi sina hatia, sivyo? Nilijaribu kujiambia hivyo.

Namshukuru mwalimu. Zaidi namshukuru yule kibarua: siku ile ile ya kipigo, alipofunguliwa tu kamba, jicho moja limefumba, alinipeleka zahanati kwa baiskeli. Ameketi pale nyuma. Nimemwomba msamaha, amesema bado anafikiria.

Vijana wenzangu, kama ni wewe uliyefanya, sema kabla ya rungu la kwanza. Mimi nilisema baada ya la tisa. Nilikuwa nahesabu.