Mwalimu Mugisho Hataonyeshwa

Marehemu Mwalimu Mugisho Déogratias alizaliwa tarehe 19 Agosti 1961 huko Walungu, Kivu ya Kusini. Nchi yake, Kongo, ilikuwa imemtangulia kuzaliwa, yaani kupata uhuru, kwa mwaka mmoja na siku hamsini, na alipenda kusema kwamba wote wawili hawakupewa muda wa kutambaa.

Alisoma shule ya msingi Walungu, sekondari Bukavu, na mwaka 1986 akamaliza masomo ya historia katika chuo cha ualimu hapo hapo Bukavu. Ni katika maktaba ya chuo alikokutana na picha iliyomharibia hamu ya chakula kwa karibu miaka arobaini. Ilikuwa picha ya Maonyesho ya Dunia ya Brussels, mwaka 1897. Mfalme wa Wabelgiji alitaka raia wake waione Kongo bila kuchafua viatu. Basi Wakongomani 267 wakapakiwa melini, wakajengewa vijiji vya uongo kando ya bwawa katika bustani ya Tervuren, na uzio ukawekwa. Watazamaji zaidi ya milioni moja walifika, wamevaa kofia zao nzuri. Waliwatupia watu wale vyakula kama unavyotupia nyani, mpaka waandaaji wakaona aibu kidogo. Unadhani waliondoa uzio? Waliweka kibao: msiwalishe, kamati inawalisha.

Majira ya joto yale yalikuwa ya mvua na baridi, na saba wakafa. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Mwalimu aliwafundisha wanafunzi wake majina hayo kabla ya jina la mfalme yeyote. Vitu vilivyoonyeshwa vikabaki vikawa jumba la makumbusho, na jumba hilo lipo hadi leo, lina mgahawa na duka la zawadi. “Maonyesho hayakufungwa,” aliwaambia darasani. “Yalihamisha geti tu.”

Tarehe 2 Septemba 1989 alifunga ndoa na Emérance katika parokia ya Walungu. Mama Emérance anasema usiku wa kwanza wa ndoa alielezwa habari za Tervuren, akafikiri ameolewa na mgonjwa. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Rachelle.

Mwalimu alifundisha Bukavu hadi vita vya 1996, kisha miaka kumi na sita chini ya turubai katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Machi 2013 familia ilifika Saint Paul, Marekani. Mtu aliyefundisha historia kwa lugha tatu akapewa kazi ya kubandika lebo kwenye maboksi katika ghala moja huko Savage. Baadaye alihudumia wazee katika kituo kimoja cha kulelea, na huko ndiko geti lilikomfikia.

Kituo kiliandaa Siku ya Mataifa. Direkta akamletea kitambaa cha madoa ya chui na ngoma ya plastiki, asimame kando ya kibanda cha makaratasi.

“Unajua kupiga ngoma, Deo?”

“Najua kusahihisha mitihani,” Mwalimu akajibu.

Alisimama pale akiwa na suti yake ya kanisani, na kifuani amejibandikia karatasi: “Huyu ameshakula. Tafadhali usimtupie kitu.” Direkta alicheka sana, akampiga picha, akaibandika ukutani penye kalenda ya sikukuu. Ilikaa miezi mitano. Hakuna aliyeuliza, isipokuwa bibi mmoja wa miaka tisini na moja aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu.

“Nani aliwahi kukutupia?” bibi akamuuliza.

Mwalimu akavuta kiti, wakasalimiana, akamsimulia yote. Tangu siku hiyo bibi yule alikataa kulishwa na mtu mwingine yeyote.

Mwaka 2019, alipopata pasipoti ya Marekani, safari yake ya kwanza ilikuwa Tervuren. Alikuta makaburi saba ubavuni mwa kanisa, na watalii wakiyapiga picha. Alijitambulisha kwa kila kaburi, jina la baba na kijiji, kisha akaondoka. Hakupiga hata foto moja.

Oktoba 2024 madaktari waligundua saratani ya kongosho. Asubuhi moja daktari aliingia na wanafunzi wanne, wakafunua shuka, wakaanza kutazama. “Wakae kwanza,” Mwalimu alisema. “Mimi ni Mugisho. Ninyi je?” Walikaa. Baada ya hapo akawaruhusu watazame wanachotaka. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, nyumbani kwa Rachelle, Lakeville, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Siku tatu kabla alikuwa amemwambia: “Mama Rachelle, mimi nisifunguliwe.”

Sasa tazameni ukurasa wa pili wa programu yenu. Umeandikwa: “Saa tano, kuutazama mwili.” Mzee Habimana, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, aliupeleka kuchapishwa kabla ya kumuuliza mjane. Juzi kikao cha Lakeville kiliwaka moto.

“Watu wame-drive kutoka Des Moines,” Mzee Habimana alisema. “Wataaga nini, mbao?”

“Wataaga mtu waliyemjua,” Rachelle akamjibu.

Mama Nabintu, dada wa marehemu na mama mzazi wa anayewasomea, akasema Bukavu wanasubiri kuona uso kwenye simu, na mtu asiyeonwa atasemwa kwamba hakuzikwa. Na kweli, ndugu zangu, tumezoea. Tunapanga mstari, tunanyoosha simu juu ya uso wa mtu asiyeweza kugeuka, tunarusha live, halafu tunahesabu waliotazama. Inachefua. Wale wa 1897 angalau walikuwa hawamjui waliyemtazama.

 Mwishoni Mama Emérance aliomba ufunguo wa sanduku la marehemu, akautia ndani ya pochi yake. Pochi hiyo anayo sasa hivi, safu ya kwanza, na ameikalia.

Kwa hiyo kateni mstari huo wa saa tano. Mtakuja mbele mmoja mmoja, simu mfukoni, utaweka mkono juu ya mbao, utamtajia jina lako na ulikotoka, kisha utampisha mwenzako. Mama Nabintu amekubali kuanza. Bukavu watasikia sauti.

Mwalimu ameacha mjane Emérance, binti Rachelle na mumewe Cyrus, wajukuu wawili, dada yake Nabintu, wapwa sita, na wanafunzi wanaojua majina saba kwa moyo.

Mimi ni mpwa wake, Yves, wa Nabintu, wa Walungu. Mjomba, pumzika kwa amani. Hakuna anayekutazama.