Mama Kufuli na Mlango Wake

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1961, kifungua mimba wa mshona viatu na mkunga. Mdogo wake alipozaliwa, walilala kitanda kimoja mpaka marehemu alipoenda sekondari ya bweni. Mwaka 1984 alihitimu shahada ya saikolojia.

Mwaka 1987 aliolewa na mpima ardhi, mtu wa maneno machache kama yeye. Walijaliwa mabinti wawili.

Tangu 1996 alisimamia chumba cha usuluhishi chuoni, ambamo wanafunzi waliogombana walizungumza kwa siri. Kanuni yake ilikuwa moja: kabla ya kujibu, rudia alichosema mwenzako. Kijana mmoja ikambidi atamke, "Anasema soksi zangu zinaweza kwenda darasani bila mimi." Wakacheka, ugomvi ukaisha. Hili tulisimuliwa jana na mwenye soksi mwenyewe. Marehemu hakutusimulia lolote, na wanafunzi hawakukosea kumwita Mama Kufuli.

Mwaka 2014 binti wa mdogo wake, mwanafunzi hapo chuoni, aliingia chumbani humo akatoka analia. Wiki iliyofuata alihama bweni bila kuaga. Hajaonekana tena.

"Dada, mwanangu alikwambia nini?" mdogo mtu aliuliza.

"Nilimwahidi kunyamaza."

"Mimi ndiye niliyemzaa!"

"Na mimi ndiye niliyeahidi."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Saratani ya kongosho marehemu aliificha hata kwa mumewe, hadi alipoanguka jikoni mwezi Machi mwaka huu. Aliyemwogesha, akamlisha na kumgeuza kitandani ni mdogo wake. Hakuuliza kitu, hadi asubuhi ya tarehe 3 Juni.

"Dada, maneno yake baki nayo. Niambie tu, yu hai?"

Marehemu alifumbua macho. "Unauliza kama yu hai," alirudia, kama alivyowafundisha wanafunzi.

"Ndiyo, dada. Ndiyo."

"Hata hilo ni lake. Funga mlango ukitoka."

Alifariki alasiri ile.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu wanne, na mdogo wake aliyeketi mstari wa mbele, ambaye ndiye aliyemvisha nguo anazozikwa nazo, na ambaye bado hajajibiwa.

Tunamwombea pumziko la amani. Mlango tumeufunga.