Daktari Wakiuru, Mama wa Kununua Pumzi ya Fuko

Kwanza, nyinyi wote mnaosimulia hii habari ya Daktari Wakiuru na fuko mnakosea. Kule Matisi wanasema ati fuko ilitoroka ikakula mihogo ya mkuu wa kituo. Kibomet wanasema Daktari alizimia. Hata watu wa jikoni, na walikuwa hapa hapa, wanasema ilikuwa sungura. Sungura, bana! Mimi Khisa, dereva, ndio nilikuwa huko. Wengine walisikia tu. Edah wa ofisi anapiga taipu vile nasema, na nimemwambia asirekebishe kitu.

Sasa heshima. Daktari Wakiuru Kimotho anastaafu Ijumaa hii, tarehe ishirini na tisa mwezi wa sita, 2007, baada ya kutumikia hii kituo ya chuo kikuu miaka ishirini na nane. Alikuja Kitale akiwa msichana mwembamba mwenye kiatu cha juu, wakati hapa palikuwa na nyumba mbili na ng'ombe. Siku ya kwanza kiatu ilikwama kwa matope. Mimi ndio niliing'oa. Leo nyumba ni nyingi, ng'ombe wako, na matope pia iko.

Kazi yake ni kufundisha wale wanafunzi wakubwa, wenye wamemaliza digrii ya kwanza na bado hawajashiba. Somo yenyewe ina jina refu kama treni ya mizigo, lakini mimi naielewa kuliko wengine wenye wamelipa karo, juu yeye akiingia kwa gari hanyamazi. Ni hivi. Mwili ni kama kamati ya kanisa. Moyo, mapafu, ini, figo, kila mmoja ana kiti yake. Ukikimbia, moyo haiwezi kuongeza mwendo bila kuambia mapafu, na ini lazima itoe sukari kwa stoo. Mmoja akinyamaza, mkutano imevunjika na wewe uko chini. Halafu chakula yenye umekula, mwili inaichoma polepole kama makaa. Daktari ametumia maisha yake akitafuta ni nani anashika kile kimlango cha jiko. Nani anasema sasa choma sana, sasa punguza.

Hakuna mtu hapa hajapumua kwa ule mpira wake wa kupima pumzi. Alipima askari wa geti akiwa na njaa, akampima tena akiwa na ugali. Mkuu wa kituo wa wakati huo alipimwa akaambiwa moto yake ni ya kuni mbichi: moshi mingi, joto kidogo. Hakumsalimia Daktari mpaka Krismasi.

Na iko ile alama kwa kidole gumba cha kulia cha Daktari. Ukimuuliza anasema ni kisu ya kuchuna viazi. Sawa, ingawa mimi sijui kisu inakata aje mkono yenye imeishika.

Turudi kwa fuko. Mwaka wa 2004 wakubwa wa chuo walituma neno, ati haya masomo ya Kitale inakula pesa na haijatoa hata mtu mmoja. Wangekuja Alhamisi kusikiza mwanafunzi wa kwanza. Kama hajamaliza vipimo, darasa inafungwa na mashine inabebwa. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa Edinah Nekoye, msichana wetu wa Bungoma. Swali lake: fuko anaishi chini ya udongo, mlango ameziba, hewa ni chafu, kwa nini hafi? Na yule wa baridi ya Kitale anachoma makaa sawa na yule wa joto ya Bungoma? Alikuwa anamweka fuko kwa debe yenye ina mpira, halafu mashine inasoma pumzi. Wa Kitale walikuwa wamepimwa wote. Wa Bungoma hakukuwa na hata mmoja.

Nikaambia binamu yangu Bramwel, mtegaji mkubwa wa fuko huko Bungoma, ati Daktari ananunua. Akafika na furaha na mfuko wa karatasi. Ndani ni mikia. Mikia tu, imefungwa na kamba ya katani kama samaki wadogo wa omena ya harusi. Kwetu ndio desturi: mwenye shamba analipa akiona mkia, juu huo ndio ushahidi.

"Na wenyewe wako wapi?" Daktari akauliza.

"Wenyewe? Wamekufa, Mwarimu. Si ndio kazi?"

"Mimi namtaka na pumzi yake."

"Pumzi!" Bramwel akaniangalia mimi. "Hiyo utaweka wapi?"

"Kwa debe."

Hiyo neno debe ndio ilituchoma. Siku ya soko kufika, Bungoma yote ilijua kuna mama Kitale ananunua pumzi na kuifungia kwa debe. Leo ya fuko, kesho ya nani? Wategaji wakaficha majembe. Edinah akalia kwa maabara, juu mama yake alikuwa amemwambia aache hiyo shule na arudi nyumbani mapema.

Jumatatu ya ile wiki ya wakubwa kuja, Daktari akapakia debe na mpira kwa Landrova, tukaenda mpaka kwa Bramwel. Watu walisimama mbali, nyuma ya ua. Daktari akakaa kwa kigoda, akaweka mpira kwa mdomo, akapumua kwa debe mbele yao wote.

"Mimi napumua humu mwaka wa tatu," akasema. "Niangalieni. Nimepungua?"

Bibi ya Bramwel akamzunguka, akamwangalia nyuma vizuri bila haraka. "Haki," akasema, "imebaki yote."

Watu wakacheka mpaka ua ikainama. Daktari mwenyewe alicheka akashika mbavu. Hicho kicheko ndio kilitufungulia shamba.

Bramwel akatuonyesha kilima cha udongo mbichi katikati ya mahindi. Mtego haungefaa, juu kamba inanyonga. Ilibidi kuchimba, halafu mtu aingize mkono. Na fuko ina meno ya kukata mti, si mchezo. Wanaume wakaanza kuangalia mawingu. Bramwel akasema mkono wake ni wa kulisha watoto. Basi mimi Khisa nikavua koti, nikalala tumbo, nikaingiza mkono mpaka kwapa. Ikaniuma kidole. Sikulia. Nikaitoa ikiwa mzima, inapiga kelele kama bawaba ya mlango, tukaifunga kwa kitambaa cha kichwa cha Daktari, kile cha kanisa. Watu huuliza kwa nini gauni yake ilikuwa na matope mpaka shingo na shati yangu ilikuwa safi. Ni juu, eeh, alikuwa amenishikia miguu.

Njiani alikataza honi, ati fuko ikishtuka vipimo vinaharibika. Tulifuata ng'ombe moja mpaka nikajua tabia yake. Kesho yake Bramwel, kwa aibu, akaleta wengine wakiwa wazima. Kwa ndoo, kwa sufuria, mmoja kwa kofia ya mlevi.

Alhamisi wakubwa wakaketi. Mmoja mwenye miwani akamuuliza Edinah, hewa ikiisha fuko inafanya nini? Edinah akamwambia, "Inafunga kimlango cha jiko. Makaa hayazimiki, yanangoja." Yule wa miwani akaandika kitu, akatabasamu na karatasi yake. Darasa ikabaki. Leo iko na wanafunzi mpaka wa kutoka Suam, na Jumatatu kiti ya Daktari Wakiuru itakaliwa na Daktari Edinah Nekoye.

Mwalimu, asante. Umetufundisha, umetupima pumzi bila ruhusa, na hukuwahi kumwacha mwanafunzi njiani. Nenda ulime viazi yako. Fuko wakiikula usiite Bramwel, waache wapumue. Tunakuombea makaa ya polepole na siku nyingi za kuota hiyo moto.

Edah anasema karatasi imeisha. Basi moja ya mwisho. Miaka mitatu nimesimulia hii hadithi, na Mwalimu akiwa hapo hapo, anasikiza, anacheka, anachuna viazi. Hiyo pahali ya mkono nilitunga. Mimi nilikuwa ndani ya Landrova, na milango nimefunga.

Mkimsalimia leo, hicho kidole gumba mkishike polepole.